Mwaka Tulioacha Kuazima

Kocha Mundhir tulimzika asubuhi kijijini kwao Bustan, na ilipofika alasiri sabla ya kijiji ilikuwa imejaa mpaka viatu vimekosa pa kuvuliwa. Sabla ni ukumbi wa watu wote, wa harusi na wa msiba, na siku ile ulikuwa wa msiba, lakini wachezaji wa zamani tukikutana hatuwezi kununa kwa muda mrefu, hata tukijitahidi. Khamis, aliyekuwa nahodha wetu, ameota kitambi na bado anasimama na mikono kiunoni kama anayemngoja refa ajieleze. Kipa wetu ndevu zimekuwa nyeupe. Tulikaa chini kuuzunguka ukuta vile vile tulivyokuwa tukikaa zamani, mabeki upande wa mlango, washambuliaji karibu na chakula, na hakuna aliyetupanga. Nilimlilia Kocha kaburini, tena kwa sauti, wala sikuona haya. Pale sabla nilikuwa nimekwisha kupoa, na ndipo Faisal, mwenyekiti wa klabu, kijana wa mjini mwenye kanzu isiyopata mkunjo, alipojisogeza kwangu akaninong'oneza, "Kocha Seif, nisamehe, najua si mahali pake. Lakini dirisha la usajili linafungwa. Tumempata beki wa kushoto wa mkopo, mtu mzima, keshacheza kila mahali. Azzan bado mdogo." Azzan mwenyewe, kijana wetu wa kushoto, miaka kumi na tisa, alikuwa mbele yetu na dele mkononi akiwagawia watu kahawa. Nilimwambia Faisal anipe nafasi mpaka kahawa imalizike. Si kwamba nilihitaji kufikiri. Nilitaka kwanza nimkumbuke marehemu kwa raha zangu.

Mwaka ninaoukumbuka, mimi ndiye niliyekuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa beki wa kushoto bora Maskati nzima, habari ambayo watu wengi walikuwa hawajaipata. Klabu yetu ilikuwa Mawaleh, nyuma ya soko la mboga na matunda, kabla soko halijahamishwa. Tukifanya mazoezi baada ya Alasiri upepo ulituletea harufu ya vitunguu, na ikikaribia Magharibi ulituletea matikiti yaliyopasuka na nanaa iliyomwagiwa maji. Juu ya chumba cha jezi palikuwa na majlisi ya klabu: zulia jekundu lililochakaa katikati, mito ya kuegemea, kabati la kioo lenye makombe ya enzi za watu wengine, na kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo ya rangi. Kila baada ya mechi, tushinde tufungwe, tulipanda juu kula. Masinia ya wali na nyama ya mbuzi yalipangwa chini kwa safu, kikosi cha kwanza wakizunguka yale ya mbele, na sisi vijana tukizunguka lile la pembeni, karibu na ndoo. Niliijua sauti ya lile tone kuliko nilivyoijua sauti ya mashabiki. Mpaka leo nikisikia maji yanadondoka ndooni naonja wali uliopoa.

Mwenyekiti wakati huo alikuwa Ami Hilal, baba yake Faisal, mwenye vyumba vya baridi pale sokoni. Alikuwa mtu mwema, nalisema hili mapema ili nisieleweke vibaya. Alilipia matibabu ya mguu wangu kabla hata hajalijua jina langu. Lakini alikuwa na imani moja isiyotikisika, nayo ni wachezaji wa mkopo. Kila dirisha likifunguliwa, alikwenda klabu nyingine akaazima mtu: huyu nusu msimu, yule msimu mzima, kisha wanarudi kwao na sisi tunabaki na mashimo yetu. Siku moja baada ya chakula nilikuwa ngazini navaa viatu, mlango wa majlisi uko wazi, nikamsikia akimwambia Kocha Mundhir, "Mie nnauza matunda, Mundhir. Mteja akitaka embe leo, simpi kokwa nikamwambia akapande."

"Na mwakani utampa nini?" Kocha aliuliza.

"Mwakani ntaazima tena, inshallah."

"Hapo ndipo tulipo. Kila mwaka twaazima. Mtu akishaijua njia ya chooni, keshaondoka!"

Watu wa kamati walicheka, na Ami Hilal alicheka kuliko wote, kisha msimu ule ule akamleta Yaqub.

Yaqub alitoka Sohar. Upande wa mamake walikuwa watu wa Tabora, kwa hivyo Kiswahili alikuwa nacho, cha bara, kilichonyooka, kikiingiliana na Kiarabu cha Batina, pwani ya kwao. Alituzidi miaka michache tu. Alikuwa na miguu mizuri na roho nzuri, na alikuja kucheza nafasi yangu. Nilimchukia kwa adabu zote. Kwa sababu hapa lazima nieleze tulivyo: mgeni kwetu ni mgeni. Anamiminiwa kahawa wa kwanza. Mwenye nyumba anambandulia nyama kwa mkono wake na kuisukuma mbele yake. Haambiwi sogea, haambiwi umekosea, habebi kitu. Na Yaqub, kwa kuwa aliazimwa na siku moja angerudishwa, alikuwa mgeni kila siku tangu alipofika. Wakati wa mazoezi sisi tulibeba magoli madogo na mifuko ya mipira, na yeye akijaribu kushika hata koni moja watu watatu wanamnyang'anya. Akipiga pasi ikatoka nje, Khamis anamwambia, "Ahsante, Sheikh Yaqub." Hakuwa sheikh wa chochote. Alikuwa beki, na pasi ilikuwa mbovu.

Adabu hiyo ilitugharimu uwanjani. Tulikuwa tukicheza mtego wa kuotea, yaani mabeki wote wanapanda mbele kwa pamoja, mshambuliaji wa kule anabaki nyuma yao peke yake, na bendera inanyanyuliwa. Mtego huo unataka mstari ulionyooka. Yaqub alizoea timu inayokaa nyuma, kwa hivyo sisi tukipanda yeye alibaki hatua kadhaa nyuma, na kwa kubaki kwake peke yake alimhalalisha kila mshambuliaji. Mabao yakawa yanaingia ya namna moja. Mtoto mdogo angeliona kosa lile, na wote tuliliona. Khamis alikuwa akimgeukia katikati ya mechi, jasho linamtoka, anasema, "Sheikh Yaqub, ukijaaliwa, sogea mbele kidogo," na akimaliza kusema hivyo kipa anatoa mpira wavuni. Kisha tunapanda juu, tunakula, na Yaqub anapewa nyama ya mguu. Hakuna aliyetamka neno. Kocha alikemea mabeki wote kwa jumla, kwa sababu hata yeye alikuwa Muomani, hakuweza kumtaja mgeni jina. Kamati ikaona dawa ya mkopo ni kuongeza mkopo mwengine, beki wa kati safari hii.

Na mimi nilikuwa na saa yangu inayogonga. Ami yangu Thani alikuwa msimamizi katika kiwanda cha rangi Rusayl, na alikuwa ameniwekea nafasi. Zamu ilikuwa ya mchana mpaka usiku, maana yake mazoezi basi. Mama aliniambia bila ukali, akichambua mchele, "Nnakungoja mpaka dirisha lao lifungwe, Seif. Likifungwa na wewe bado uko kwenye benchi, utakwenda kwa ami yako, na mpira utacheza Ijumaa na wenzio ufukweni." Nilikubali kwa sababu alikuwa na haki. Niliogopa Rusayl kama watu wengine wanavyoogopa jela, ingawa rangi haijamuumiza mtu yeyote. Nilikuwa najua ninachoweza. Kujua unachoweza halafu usiitwe kunatafuna moyo, na nikiwaona vijana wangu wa leo wanavyonitazama ninapotangaza kikosi, naijua ile sura na siwezi kuizoea.

Mama huyo huyo ndiye aliyemwalika Yaqub chakula cha Ijumaa, ati haiwezekani kijana wa watu akae Mawaleh ale mikate ya dukani. Alipika biriani, akapaka samaki nazi, akatoa mkate wa kumimina, kisha akamkalisha Yaqub mbele ya feni, pale ninapokaa mimi. Hata mamangu alimpa nafasi yangu.

"Nimeshiba, mama, kweli kabisa," Yaqub alisema.

"Hujashiba, baba. Hujala kitu. Seif, mpe mwenzio lile paja la kuku."

Nikampa paja. Baadaye nilikwenda naye bombani kumtilia maji ya kunawa, kama inavyotakiwa, akanitazama kwenye kioo kilichokuwa juu ya beseni. "Watu wa hapa ni wazuri sana, Seif," alisema. "Wazuri mpaka nachoka." Nikaona ana kibri. Mimi ningepewa mapaja yale yote nisingechoka. Nikamuuliza, kwa kumchokoza, kama kwao Sohar hawamhitaji. Akafuta mikono taratibu. "Kule wamemkopa mtu kutoka Dhofar, wamemweka nafasi yangu. Ndiyo sababu mimi nimewekwa kwenye yako." Nilibaki na sabuni mkononi. Badala ya jibu la ukali nililokuwa nimekwisha kumtayarishia, nikajikuta namsimulia habari za Rusayl na zamu ya mchana. Tangu siku ile sikuweza tena kumchukia vizuri.

Kabla dirisha halijafungwa ilikuwa imebaki mechi moja. Kocha Mundhir aliniita chumba cha jezi. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya dawa ya misuli na soksi mbichi, naye alikaa juu ya mfuko wa mipira kwa sababu kiti alikuwa amewekewa Yaqub. "Yaqub anaingia katikati," aliniambia. "Wewe unaanza kushoto. Nshamwambia Ami Hilal simtaki wa mkopo mwengine. Kaniuliza, mtoto huyu akituangusha? Nkamwambia, akianguka, ataanguka nyumbani kwao, tutamwinua. Kasema vyema, mechi hino moja. Tukifungwa, anamleta mtu wake, na mie nkapumzike Bustan. Nnakwambia haya si kukutisha. Nnakwambia kwa sababu ni yako." Nimesikia makocha wengi wakiwaambia vijana wacheze bila ya kufikiria kitu. Mimi niliambiwa kila kitu, nikaenda nyumbani nikalala fofofo. Mpaka leo vijana wangu nawaambia kila kitu.

Uwanja wetu siku za mechi watu walikuwa wachache, kila mmoja unamjua kwa kikohozi chake. Kamati ilikaa jukwaani mstari mmoja, na ukisema neno uwanjani wao wanalisikia juu. Tulianza vizuri. Winga wao alinijia mara ya kwanza nikampokonya mpira kama ninayemchukulia mtoto kisu, na nikamsikia Ami Hilal anasema "Hoo!" Kisha tukapanda kuweka mtego, nikatazama upande wa kulia kwangu kuhakikisha mstari, na Yaqub yuko kule nyuma, peke yake, anatazama mambo. Mshambuliaji wao akapita, akapiga mwamba. Mara ya pili tukapanda, Yaqub kabaki, kipa akaokoa kwa mguu. Khamis akainua mkono na kuanza, "Sheikh Yaqub, ukijaaliwa..." Mara ya tatu sikungoja. Niliona Rusayl yote mbele ya macho yangu, matangi ya rangi na ami yangu na kofia yake ya plastiki, na nikafungua koo.

"Panda! Panda we Yaqub! Unangoja kuandaliwa?"

Khamis alijishika kichwa. Nilimwona Ami Hilal akisimama jukwaani polepole, kama mtu aliyeona kijana wake anamwaga kahawa juu ya kanzu ya mgeni. Yaqub alinitazama, mdomo wazi. Kisha akapanda. Alikimbia mpaka akawa sambamba nami, bega kwa bega, pasi ikapigwa, na bendera ya msaidizi ikanyanyuka. Mara iliyofuata alipanda kabla sijafumbua mdomo.

Wakati wa mapumziko Ami Hilal alishuka mwenyewe chumba cha jezi, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alimwendea Yaqub, akaweka mkono kifuani. "Tusamehe sana, Sheikh Yaqub. Mtoto huyu hana malezi haya, sijui kimempata nini. Seif, mtake radhi mwenzio." Mimi nilikuwa nimejiinamia na chupa ya maji. Nilijua nimekwisha, na bado sikuwa na majuto hata chembe, kwa sababu mstari ulikuwa umenyooka. Yaqub akainuka.

"Mwenyekiti," alisema, "usimwambie aniombe radhi. Tangu nimefika hapa mnaniita sheikh, mnanibebea begi, mnanilisha mpaka naona haya. Nikikosea mnasema ahsante. Nitajuaje nimekosea? Kwetu watu wanatukanana uwanjani kwa sababu ni ndugu. Huyu ndiye wa kwanza aliyenifanya ndugu. Muacheni anipigie kelele." Akanigeukia. "Na wewe ukikosea nitakutukana kwa Kiswahili cha Tabora, ukikielewa."

Kocha Mundhir alikuwa amejifunika uso kwa taulo, mabega yanamtikisika. Ami Hilal alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Haya, tukaneni basi, lakini mshinde," akatoka.

Kipindi cha pili yule winga alinipita kweli. Alinifanya nikae chini, sitaki kusema uongo, na Yaqub ndiye aliyekuja kuufagia mpira kwenye mstari wa goli. Akanisimamia kichwani: "Unataka Rusayl wewe? Inuka basi, nitakupeleka mwenyewe!" Nikainuka nacheka. Khamis alituona, na yeye akaanza. Miezi yote ya adabu ikamtoka mdomoni siku moja, mpaka refa akamwonya. Tulishinda bao moja la kona, bao baya, alilolifunga mtu kwa paja. Juu majlisini, Ami Hilal alipotaka kumbandulia Yaqub nyama, Yaqub alikuwa hayupo safu ya mbele. Alikuwa amekuja kukaa sinia letu, karibu na ndoo, na alikuwa anagombania mfupa na kipa.

Wa mkopo mwengine hakuletwa. Mwisho wa msimu vijana wa sinia la pembeni tulikuwa wengi kikosi cha kwanza, na hatukuchukua kombe lolote. Nalisema hili kwa sababu watu husimulia hadithi hizi wakamalizia na kombe. Tulibaki daraja letu, tulifungwa vibaya mara nyingine, na kila kosa tulilolifanya lilikuwa letu na tuliambiana. Yaqub alirudi Sohar akaidai nafasi yake kwa yule mtu wa Dhofar, akaipata. Mimi nilicheza kushoto mpaka magoti yakakataa. Sina ugomvi na mikopo. Nimewahi kuazima wachezaji mwenyewe, na nitaazima tena mtu akivunjika mguu. Lakini klabu inayoazima ili isimtazame kijana wake usoni imejivisha nguo ya watu, na nguo ya watu huvai siku zote. Hivyo ndivyo ninavyoamini, na sijaona msimu wa kunibadilisha.

Yote hayo yalinipita kichwani pale sabla, kahawa ikizunguka, Faisal akitazama simu yake chini ya mkono wa kanzu. Ndipo Yaqub akaingia. Alikuwa ameendesha gari kutoka Sohar, amechelewa maziko, macho mekundu, mvi zimemjaa. Watu wa Bustan hawamjui, wakaona mgeni wa mbali. Wakainuka, wakasogea, wakamwonyesha mto wa juu kabisa karibu na watoto wa marehemu. Azzan, aliyelelewa vizuri, akamkimbilia na finjani na dele. Yaqub alisimama katikati ya zulia, akatutafuta kwa macho.

"Azzan, usimpe!" nilisema, kwa sauti kuliko nilivyokusudia. "Huyo si mgeni."

Watu waligeuka. Yaqub alicheka na kulia kwa pamoja. Alikwenda akawapa mkono watoto wa Kocha, akawashika muda mrefu, kisha akarudi na kumpokea Azzan dele mkononi. "Kaa, kijana," alimwambia. "Mzee huyu alikuwa wangu, leo nagawa mimi. Kaa pale, kwa mabeki." Azzan alinitazama. Nikampigia zulia kwa mkono, nafasi iliyokuwa baina yangu na mlango, upande wa kushoto. Akaja akakaa kwa haya, kajibana ukutani, nyuma kidogo ya mabega yetu.

Faisal alikohoa. "Kahawa inakwisha, Kocha. Wale watu niwajibu nini?"

"Azzan keshakaa, Faisal. Mwinue wewe, kama unaweza."

Faisal alimtazama Azzan, akatutazama sisi wengine safu nzima, akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya goti. Yaqub alikuwa amefika kwetu na dele. Alimmiminia Azzan, lakini finjani hakumpa. Aliishikilia mkononi akamwangalia alivyokaa.

"Panda mbele, kijana," alisema. "Umebaki nyuma ya wenzio."

Azzan akasogea mpaka bega lake likagusa langu, ndipo Yaqub akampa kahawa.